SIKU YA KUZALIWA MFALME NA MSHAHARA WA MFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Nyeri)



Halmashauri ya tawi ilitutaka tuseme juu ya siku kuu ya kuzaliwa Mfalme wa Uingereza: ilitoka wapi, ilisherehekewa namna gani katika nchi hii yetu ya mlimani, na mfanya kazi alipata nini siku hiyo. Tunajua wengine mtauliza, Mfalme huyo anatuhusu nini? Kenya ni Jamhuri tangu tarehe 12 Desemba 1964. Mwezi wa Juni sasa tuna Madaraka, siku yetu wenyewe. Hayo ni kweli kabisa. Lakini ndugu, Gavana alipoondoka gwaride halikuondoka naye. Na mtu wa kufagia uwanja wa gwaride bado anaufagia. Kwa hivyo si kupoteza wakati tukiitazama siku ile ya zamani, maana ndani yake mna jambo ambalo mpaka leo hatujalimaliza na matajiri wetu.

SIKU MBILI ZA KUZALIWA

Mtu wa kawaida huzaliwa mara moja tu. Mfalme wa Uingereza ana siku mbili: siku aliyozaliwa na mama yake, na siku iliyoandikwa na Serikali. Mfalme Edward wa Saba alizaliwa tarehe 9 Novemba. Novemba huko London ni baridi, mvua na giza. Gwaride haliwezi kupendeza, na watu hawawezi kusimama njiani. Basi mwanzoni mwa karne ya 20 sherehe yake ikapelekwa kwenye miezi ya jua, na desturi hiyo ikakaa. Mfalme George wa Tano alikuwa na bahati, kwa sababu alizaliwa tarehe 3 Juni. Mfalme George wa Sita alizaliwa tarehe 14 Desemba, lakini alisherehekewa Juni. Malkia Elizabeth alizaliwa tarehe 21 Aprili 1926, naye akasherehekewa Juni. Mfalme Charles wa Tatu, aliyeshika kiti mwaka 2022, alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948, na sherehe yake ni Juni vile vile.

Oneni basi. Mfalme mmoja alikuwa na siku mbili, na hapa kwetu wakati ule ule wazee wengi hawakuwa na hata moja. Walijua riika lao, walijua ni mwaka wa njaa gani au wa nzige gani, lakini karani wa kipande alipotaka kuandika umri, alimtazama mzee usoni akakisia.

Tena kuna kichekesho kingine. Siku ilipelekwa Juni ili London ipate jua. Lakini Juni hapa Nyeri ni mwezi gani? Ninyi mnajua. Ni mwezi ambao mvua ndefu zimekwisha na baridi inaanza kushuka kutoka mlimani, na asubuhi ukungu umefunika kila kitu, hata Mlima Kenya hauuoni mpaka adhuhuri, na siku nyingine hauuoni kabisa. Siku iliyochaguliwa ili mtu wa London aote jua ikamfanya mtoto wa shule wa Nyeri asimame katika umande bila viatu.

DESTURI ZAKE

Huko London desturi kubwa ya siku hiyo ni gwaride la kupitisha bendera, katika uwanja unaoitwa Horse Guards. Bendera ya kikosi hupitishwa polepole mbele ya mistari ya askari. Zamani za vita jambo hili lilikuwa na kazi yake: kila askari aijue bendera ya kikosi chake, ili moshi wa bunduki ukitanda ajue pa kukimbilia. Tangu mwaka 1748 gwaride hilo likawa la kuadhimisha kuzaliwa kwa mfalme. Siku hizi askari zaidi ya 1,400 hushiriki, pamoja na farasi 200 na wapiga muziki 400. Mizinga hupigwa, 41 katika bustani ya kifalme na 62 katika ngome ya Tower of London. Na siku hiyo hutolewa orodha ya watu waliopewa nishani.

Katika makoloni sherehe ilifuata mfano huo kwa kadiri ya mahali. Makao ya Gavana walikuwako askari wa Keya na bendi yao. Katika wilaya alikuwako DC na mavazi yake meupe, kofia ngumu kichwani na upanga kiunoni. Bendera ilipandishwa, tarumbeta ikalia, polisi wakapiga saluti. DC alisoma salamu, mkalimani akazitafsiri. Machifu waliovumilia kazi ya Serikali walipewa nishani na hati. Watoto waliimba wimbo wa Mfalme. Watu waliambiwa wapige vigelegele mara tatu, wakapiga. Baadaye kulikuwa na michezo na ngoma, na Wazungu wakaenda kunywa chai klabuni.

Mji huu wa Nyeri ulianza kama boma la Serikali mwaka 1902, Edward wa Saba akiwa kwenye kiti. Kwa hivyo tunaweza kusema mji wetu ulizaliwa chini ya desturi hizi, na kwa miaka 60 na zaidi haukujua nyingine.

NANI ALIFANYA KAZI?

Sasa tuhesabu mikono. Kabla DC hajavaa mavazi meupe, kuna mtu aliyeyafua, akayatia wanga, akayapiga pasi ya makaa usiku. Kabla ya gwaride, kuna watu waliofyeka nyasi na kupaka chokaa mawe ya kando ya njia. Tarishi alipeleka barua za mwaliko kwa miguu. Saisi alipiga farasi brashi kabla ya jua kutoka. Klabuni kulikuwa na mpishi, boi wa meza, mwosha vyombo na mtu wa kupasua kuni. Yaya alikaa na watoto ili mama yao aende karamuni. Askari wa usiku alilinda mpaka karamu ikaisha.

Katika koloni la Kenya siku hiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya Serikali, ikatangazwa rasmi katika Gazeti la Serikali. Lakini mapumziko ya nani? Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri.

Wazee watakumbuka kazi ya tikiti. Kibarua wa shamba alipewa tikiti, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Zikitimia siku 30 za kazi, ndipo alipopokea mshahara na posho yake ikahesabiwa. Siku asiyofanya kazi haikutiwa alama. Basi Mfalme akisherehekewa, karani wa ofisi ya Serikali alipumzika na mshahara wake wa mwezi ukabaki mzima. Kibarua wa tikiti, kama shamba lilifungwa, alipumzika na tikiti yake ikabaki tupu siku hiyo, na mwezi wake ukarefuka kwa siku moja. Na kama shamba halikufungwa, alichuma kahawa kama siku nyingine zote. Siku ilikuwa moja na bendera ilikuwa moja. Aliye na mshahara wa mwezi alipata zawadi, na aliye na tikiti akapata hasara.

Msidhani huko Uingereza kwenyewe mambo ni tofauti sana. Siku ya Mfalme huko si siku ya mapumziko kwa wafanya kazi wote. Gwaride hufanywa Jumamosi, na mwenye duka hufungua duka lake. Katika New Zealand ni siku ya mapumziko, Jumatatu ya kwanza ya Juni. Katika majimbo mengi ya Australia ni Jumatatu ya pili. Lakini katika nchi ya Mfalme mwenyewe, hapana. Na Mfalme Charles alipovikwa taji tarehe 6 Mei 2023, Serikali yake ilitangaza Jumatatu tarehe 8 Mei kuwa mapumziko. Je, kila mfanya kazi alipata siku hiyo na malipo? Hapana. Sheria ya huko haimlazimishi tajiri kutoa mapumziko ya namna hiyo kwa malipo. Ilitegemea mkataba wa kila mtu unasema nini. Aliyekuwa na maneno mazuri katika mkataba alipumzika, na asiyekuwa nayo alikwenda kazini au alikatwa.

Wekeni jambo hilo akilini: ilitegemea mkataba unasema nini.

MALKIA ALIYEPATIKANA NYERI

Hatuwezi kusema juu ya siku za Wafalme hapa Nyeri bila kutaja mwaka 1952. Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walifika Nairobi tarehe 1 Februari. Walikaa katika nyumba ya Sagana, karibu na Kiganjo, waliyopewa na koloni kuwa zawadi ya harusi. Jioni ya tarehe 5 Februari walikwenda Treetops, ile nyumba iliyojengwa juu ya mti wa mgumo katika msitu wa Nyandarua, wakatazama tembo na vifaru usiku. Usiku huo huo, kule Sandringham, Mfalme George wa Sita alifariki usingizini. Asubuhi ya tarehe 6 yule binti aliteremka mtini akiwa Malkia, naye mwenyewe hana habari. Aliambiwa na mumewe mchana, wakiwa Sagana. Jioni alipanda ndege katika kiwanja cha Nanyuki, akapitia Entebbe, akarudi kwao.

Watu wa nchi nyingi wanaijua Nyeri kwa habari hiyo tu. Sisi tunaongeza neno moja. Usiku ule juu ya mti palikuwa na watu waliochemsha maji, waliobeba mizigo na kutandika vitanda. Nao ni sehemu ya habari hiyo.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa. Tarehe 2 Juni 1953 Malkia alivikwa taji London. Tarehe 8 Juni, siku sita tu baadaye, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku chama cha KAU. Mei 1954 wapiganaji wa msituni waliichoma moto Treetops. Na katika miaka hiyo, watu wa Nyeri, Embu, Meru na Murang'a walihamishwa wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti yenye ncha. Walilazimishwa kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu, na wengi wa waliochimba walikuwa mama zetu. Kazi hiyo haikuwa na mshahara wala tikiti. Kila Juni bendera ilipandishwa kwa heshima ya Malkia, na jembe liliendelea kupiga udongo bure.

Hatusemi hayo ili tuamshe chuki. Tunayasema kwa sababu yana mwisho ambao ni mafundisho. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilisimama katika Bunge lake ikasema inasikitika kwa mateso yaliyofanywa wakati wa Hali ya Hatari, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228. Je, fedha hizo zililetwa na gwaride? Zililetwa na wazee, wanaume kwa wanawake, walioandika madai yao, wakashikana, wakayafikisha mahakamani London, wasichoke. Fedha hazikutosha, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini dai lililoandikwa lilifika mahali ambapo machozi peke yake hayakufika.

WAFANYA KAZI NA SHEREHE ZA WAKUBWA

Chama cha wafanya kazi kikikutana na sherehe ya wakubwa hufanya nini? Tunayo mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Nairobi. Tarehe 30 Machi 1950 ndugu yake Mfalme, Duke wa Gloucester, alileta hati ya kuufanya mji wa Nairobi kuwa jiji. Chama cha muungano wa wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki, kilichoongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh, kiliwaambia wafanya kazi wasihudhurie karamu hiyo. Walisema mji una sura mbili, moja ya matajiri na moja ya maskini wasio na nyumba. Mwezi wa Mei viongozi hao walikamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi waligoma kwa siku kadhaa. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Miaka kumi na moja, ndugu.

Mfano wa pili ni wa London yenyewe, na hapa wengine mtashangaa. Mwaka 1955 gwaride la siku ya kuzaliwa Malkia halikufanyika. Lilifutwa. Nani alilifuta? Si adui, wala si mvua. Ni madereva wa magari-moshi! Chama chao kinachoitwa ASLEF kiligoma kutoka tarehe 28 Mei mpaka tarehe 14 Juni, kwa sababu ya mshahara wa mtu mwenye ujuzi. Serikali ya Uingereza ilitangaza hali ya hatari kwao huko tarehe 31 Mei. Askari na farasi walikuwako, na Malkia alikuwako. Lakini gari-moshi likisimama hata gwaride husimama. Wale madereva hawakuwa na neno na Malkia. Walikuwa na neno na shirika la reli. Hata hivyo nchi nzima iliona siku hiyo kwamba sherehe ya Mfalme inakaa juu ya mikono ya watu wanaotia makaa.

Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, wafanya kazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Tom Mboya aliingia katika mazungumzo, na mwishowe mishahara ikaongezwa. Huku bara watu wetu walikuwa ndani ya vijiji vya handaki na hawakuweza hata kukutana. Lakini habari ilifika.

Hatuwaambii mgome siku ya Madaraka. Msitoke hapa mkasema tumesema hivyo! Tunasema hivi: mwenye sherehe anawahitaji, na anayehitajiwa anaweza kukaa mezani na kusema masharti yake kwa adabu, kabla ya siku yenyewe.

SIKU ZETU WENYEWE

Tarehe 1 Juni 1963 tulipata Madaraka. Tarehe 12 Desemba 1963 tukapata Uhuru. Kwa mwaka mmoja Malkia alibaki kuwa Malkia wa Kenya, na tarehe 12 Desemba 1964 tukawa Jamhuri. Nyumba ya Sagana ilirudishwa kwa Serikali yetu, na leo ni nyumba ya Rais. Katiba ya mwaka 2010 imetaja siku tatu za taifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Hiyo tarehe 20 Oktoba ndiyo siku ya Hali ya Hatari. Siku ya msiba tumeigeuza siku ya heshima, na hilo ni jambo jema.

Lakini tazameni desturi. Siku ya Jamhuri jeshi letu hupitisha bendera mbele ya Rais, kama kule Horse Guards. Mwezi wa Desemba hutolewa orodha ya nishani. Mizinga ni 21. Hatuzikatai desturi hizo. Bendera sasa ni yetu na askari ni watoto wetu. Tunauliza swali lile lile tu: nani anafanya kazi siku hiyo, na analipwa nini?

Swali hili liko hapa mlimani. Siku hizi sherehe za taifa huzungushwa katika kaunti. Madaraka ya mwaka 2017 ilifanywa hapa Nyeri, Kabiru-ini. Mashujaa ya mwaka 2021 ilikuwa Kirinyaga, katika uwanja wa Wang'uru. Madaraka ya mwaka 2023 ilikuwa Embu. Kila sherehe ikija, hoteli hujaa kutoka Karatina mpaka Nanyuki. Mpishi anaamka saa tisa ya usiku. Mama wa kufagia soko anafagia mara mbili. Askari wa lindo habadilishwi. Kibarua wa uwanja anafanya kazi usiku kwa taa, na siku ya sherehe yenyewe anaambiwa asionekane.

Sheria yetu inasema nini? Amri ya Mishahara ya Jumla inasema kwamba kazi ya saa za ziada katika siku ya mapumziko ya wiki au siku kuu ya Serikali hulipwa mara mbili ya malipo ya kawaida. Sheria ya Siku Kuu inasema kwamba siku kuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake ni mapumziko. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua wa siku aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja hawezi kuhesabiwa kibarua tena; kazi yake inageuka kuwa ya mkataba wa mwezi. Someni kifungu hicho. Kinawahusu wengi walioketi humu ndani. Kuna mtu ameitwa kibarua miaka mitatu, na kila siku kuu ikija anaambiwa, “Kesho usije, hakuna kazi,” na hakuna malipo. Ndugu, hiyo ni tikiti ya zamani iliyobadilishwa jina.

Wako wanachama wanaosema, “Msiguse siku kuu, kwani ndizo siku zetu za kupata cho chote cha ziada.” Tunawaelewa, hasa ndugu wa hoteli. Sisi hatusemi mtu asifanye kazi siku kuu. Hospitali haifungwi, na wageni lazima wale. Tunalotaka ni kwamba anayefanya kazi alipwe mara mbili kwa hesabu iliyoandikwa, si kwa bakshishi inayotegemea roho ya msimamizi. Bakshishi ya leo si haki ya kesho.

KAZI TATU

Kabla hatujaketi tunaweka mbele yenu mambo matatu, ambayo halmashauri imeyakubali na inangoja kura yenu.

La kwanza, kila mwakilishi kazini anunue daftari. Kila siku kuu aandike nani aliitwa kazini, saa aliyoingia, saa aliyotoka, na alicholipwa mwisho wa mwezi. Mtu asiseme “nakumbuka”. Tajiri ana vitabu vyake. Sisi tukienda na kumbukumbu ya kichwa tutashindwa.

La pili, kila mwakilishi alete orodha ya vibarua waliopita mwezi mmoja mfululizo. Orodha ibaki kwa katibu wa tawi, isionyeshwe ovyo, kwa maana mtu anaweza kufukuzwa kwa sababu ya jina lake. Tutawapeleka wote pamoja, wasiende mmoja mmoja. Kamba hukatikia pabovu, lakini kamba iliyosokotwa vizuri haina pabovu.

La tatu, katika mapatano mapya na waajiri tuingize kifungu cha siku kuu chenye maneno yasiyo na mashaka: mapumziko kwa malipo kamili kwa kila mmoja, awe wa mwezi au wa siku, malipo mara mbili kwa anayeitwa kazini, chakula cha moto kwa anayekesha, na gari la kumrudisha nyumbani anayetoka baada ya saa tatu usiku. Kisha mapatano hayo yaandikishwe katika Mahakama ya Ajira, kwa sababu mapatano yasiyoandikishwa hayana nguvu ya sheria.

Bwana Mwenye Kiti, tumekwisha. Siku ya Mfalme iliweza kuhamishwa kutoka Novemba mpaka Juni kwa maandishi tu, na mvua ya London ikashindwa. Ikiwa maandishi yana nguvu ya kumzalisha Mfalme mara ya pili, basi yanaweza pia kumpa mama wa kufagia soko la Karatina mshahara wa siku moja. Lakini Mfalme alikuwa na watu wa kumwandikia. Sisi tutaandika wenyewe. Wanaokubali mambo haya matatu wainue mikono mara hotuba hii ikiisha, na waliokuja na maswali wayaulize sasa, wasiende kuyauliza njiani.

Umoja ni nguvu.